Kitubio cha Mlalamikaji

Bi Fortunata alikuwa ameshampimisha buti, ameshamwonyesha kabati la nguo za kazi, ameshamtania kwamba vidole vyembamba namna ile miche ya nyanya itavigombania. Kilichobaki ni jina tu.

"Litaje lote, mwanangu, kwa sauti ya kueleweka."

"Skolastika Benedikti Mkude."

Herini kwenye sikio la kushoto la Bi Fortunata ikawaka rangi ya ndizi mbivu. Mama yule akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza mtoto akimsemea mwenzake. Tabasamu lilibaki mdomoni. Machoni liliondoka.

"Kumbe mlalamikaji," akasema.

"Nilifungua kesi moja tu, mama. Moja maisha yangu yote."

"Ndiyo hiyo nasema. Mlalamikaji."

"Hapana, mama, samahani. Mahakamani mlalamikaji ni yule aliyepeleka shauri. Mwenzake anaitwa mlalamikiwa. Ni jina la mahali pa kukaa tu, huyu upande huu, yule upande ule. Si tabia."

Bi Fortunata akafunga kabati la nguo za kazi taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

"Unafikiri hatujui?" akauliza.

Walijua. Hakuna mtu Morogoro nzima asiyejua. Serikali ilipomimina kesi zote za madai mahali pamoja, kuanzia mabaraza ya kata hadi mahakama za juu kabisa, za mipaka, za talaka, za mirathi, za mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, watu walipaita mahali hapo Kisima. Mashine iliyoshuka humo kutafuta waliiita Mzamiaji. Mwajiri akisikia jina, Mzamiaji alizama na kuibuka kabla mwomba kazi hajameza mate, na alichokileta sikioni kwa herini hakikuwa habari ya kesi bali neno moja la kumweleza mtu. Waliowahi kufungwa walikuwa na nafuu. Kifungo kina mwisho, na aliyemaliza chake jina lake lilisafishwa kwa amri ya sheria. Kesi ya madai haina kifungo, kwa hiyo haikuwa na mwisho.

Na Mzamiaji alifundishwa Kiswahili kwa kusikiliza watu wanavyosema sokoni, redioni, kwenye simu za wapendanao. Huko mlalamikaji ni yule jirani asiyeridhika, anayenuna harusini kwa sababu pilau limekosa viazi. Mlalamikiwa ni maskini wa Mungu aliyeandamwa na maneno ya watu. Mawakili walieleza, waliotengeneza mashine wakakiri kosa, wakasema kulirekebisha ni kazi ya asubuhi moja. Waajiri ndio waliokataa. Walisema mashine imewaelewa kuliko walivyojieleza.

"Mimi sina neno na wewe," Bi Fortunata akasema. "Ila walio juu wanasikia ninachosikia. Nenda Kitubio, mwanangu. Ukajirudi. Ukitoka umesafika, buti zako hizi hapa, na chumba chako humu humu kipo. Si una mtoto?"

"Ninaye, mama. Yuko Kilosa kwa shangazi yake. Hosteli ninayolala hawapokei watoto."

"Basi fanya kwa ajili yake. Hata mimi nilikwenda."

"Ulikuwa umelalamikia nini, mama?"

Bi Fortunata akatazama ghorofa za mboga zilizopanda juu yao, safu juu ya safu, taa zake za zambarau zikiwaka mchana.

"Unajua sikumbuki," akasema. Akacheka kidogo, kwa mshangao. "Nadhani kilikuwa kiwanja."

*

Kibao cha mlangoni kilisema Ofisi ya Marekebisho ya Hiari. Watu walipaita Kitubio, kwa sababu ya vile vibanda vyenye stuli moja na wavu wa kusemea, vilivyofanana na pale kanisani ambapo padri hukaa upande wa pili. Tofauti ni kwamba upande wa pili wa wavu huu hapakuwa na mtu. Palikuwa na taa.

"Karibu, Skolastika," sauti ikasema, laini, sauti ya binti aliyelelewa vizuri. "Shauri lako ni dhidi ya Hospitali ya Mbeleko, na hukumu ilikuwa ya upande wako. Ili shauri litolewe Kisimani, tafadhali sema sentensi tatu za kujirudi."

Alikuwa amezikariri njiani. "Nililalamika bila sababu. Ilitokea tu. Hakuna wa kulaumiwa."

Taa ikawaka nyekundu.

"Sauti yako haikubaliani na maneno yako," binti yule akasema bila hasira. "Karibu tena siku nyingine."

Nje, kwenye mabenchi, wazoefu walikuwa wakimsubiri kwa hamu kama watu wanaosubiri matokeo ya mpira.

"Nyekundu!" mzee mmoja akapaza sauti. "Nilisema mimi. Huyu anatembea kama aliyeshinda kesi."

"Mwache, babu, na wewe mbona mwaka wa pili huu?"

"Mimi mwenzenu najirudi polepole, kama kinyonga."

Wakacheka. Mwanamke mmoja mwenye kitenge cha njano akasogea kumpisha Skola akae, akamgawia karanga bila kumwuliza kama anazitaka.

"Usiwasikilize. Mimi Anastazia. Nimekuja kwa ajili ya mwenye nyumba wangu, aling'oa paa tukiwa ndani. Hiki ni Kitubio changu cha pili, cha kwanza nilipita vizuri tu. Wewe ulimlalamikia nani?"

"Hospitali ya Mbeleko."

Anastazia akaacha kutafuna. "Nani wako?"

"Mwanangu wa kiume. Gaudensi. Alikuwa na wiki sita. Kifua kilibana, tukampeleka, wakasema anahitaji hewa. Mashine ya hewa ilikuwepo pale pale, nilikuwa naiona. Ila inafunguka kwa kidole cha mtu mmoja tu, na huyo mtu alikuwa semina." Alisimulia kwa haraka, kama mtu anayevuka kijito kwa mawe aliyoyazoea. "Tulikaa kwenye benchi hadi mchana. Mahakamani sikuomba fidia. Niliomba waandike kwamba ni uzembe. Wakaandika."

"Semina," Anastazia akasema.

"Ndiyo, semina."

"Kwangu walikuwa mapacha." Akatazama maganda ya karanga kwenye kiganja chake. "Yule yule wa kidole. Semina ile ile labda, sijui huwa wanajifunza nini."

Skola naye akaacha kutafuna. Alipokuwa na mimba ya Gaudensi alikwenda ofisi ya kata, kama kila mama mjamzito, akamwuliza Mzamiaji habari za Mbeleko. Jibu alilikumbuka neno kwa neno: Hakuna shauri. Alirudi nyumbani anaimba.

"Hicho Kitubio chako cha kwanza, cha mapacha," akauliza. "Ulipita lini?"

"Mwaka ule wa mafuriko. Kabla ya masika."

Gaudensi alizaliwa masika yale. Skola akamtazama. Mzee wa kinyonga alikuwa akiwachekesha wengine kwa habari ya mkwewe, na kicheko kiliwapita wote wawili pembeni.

"Usinitazame hivyo," Anastazia akasema kwa sauti ya chini.

"Sijasema neno, dada."

"Hujasema. Umenitazama. Nina watoto watatu hai, nilikuwa nimenyimwa kazi mahali saba. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Akasimama, akakung'uta kitenge. Kisha akajijibu mwenyewe, na haikuwa kwa ukali. "Si uko hapa?"

*

"Usithubutu," Perpetua akasema. "Wifi, nakuomba. Usithubutu."

Picha yake ilielea juu ya kitanda cha hosteli, nyuma yake ukuta wa jiko la Kilosa na sufuria zilizoning'inizwa. Perpetua ndiye aliyekaa naye mahakamani tangu siku ya kwanza hadi ya hukumu, ingawa aliyekuwa mumewe Skola ni kaka yake na kaka mwenyewe hakutokea hata mara moja. Baadaye kaka alioa Mpanda, akatulia huko.

"Nikijirudi wananipa chumba. Namchukua Oliva mwezi huu huu."

"Na atakayekwenda Mbeleko na mimba yake baada yako? Akiuliza aambiwe nini, hakuna shauri? Umeniambia mwenyewe sasa hivi habari ya huyo mama wa mapacha, unalia, halafu unataka kufanya vile vile?"

"Na Oliva je?"

"Oliva anakula, anasoma, anacheza. Oliva hajafa, wifi." Alijua amesema vibaya. "Nisamehe. Nilitaka kusema kwamba anaweza kungoja."

Oliva akaingia kwenye picha akiwa na mswaki mdomoni, nywele zimesukwa mtindo ambao Skola hajawahi kuuona. Akamtazama mama yake, akamgeukia Perpetua.

"Mama, huyu ndiye mama wa mjini?"

"Ndiye. Msalimie."

"Shikamoo, mama wa mjini," mtoto akasema kwa adabu zote, kama anavyosalimiwa mgeni aliyekuja na zawadi. Povu la dawa likamtoka kidevuni. Perpetua akalifuta kwa kidole gumba bila hata kuangalia. Mkono ulijua wenyewe pa kwenda.

Skola aliuona mkono ule muda wote wa mazungumzo, na baada ya picha kuzimika aliendelea kuuona.

*

Kila aliyeshindwa Kitubio alimjua Bi Siwema. Alikaa barazani mkabala na ofisi, mguu mmoja umekunjwa, kanga imefungwa kifuani. Zamani alikuwa kungwi wa kweli, aliwacheza wari, wasichana waliovunja ungo, akawafunda mambo ya ndani. Wasichana wa siku hizi walifundwa na simu, kwa hiyo alibaki na hawa.

"Tatizo lenu wasomi, mnafikiri kuidanganya mashine ni akili," akasema. "Mwenzio hasikilizi maneno, anasikiliza tumbo. Mimi sifundishi uongo, mwari wangu. Natafuta mahali ambapo ni kweli. Hata pakiwa padogo kama tundu la sindano, tunapita hapo hapo, tunapapanua."

"Hakuna mahali ambapo ni kweli, bibi."

"Pako. Kila mtu anapo. Siku ile mtoto aliamkaje?"

"Alikuwa anakoroma. Kama kuna mtu anakwaruza kitu ndani."

"Ukambeba, ukaondoka hapo hapo?"

Skola akatazama barabara. Gari la taka lilipita bila dereva, likiimba wimbo wake wa kuomba njia.

"Nilimpikia Oliva uji kwanza."

"Ahaa," Bi Siwema akasema, polepole, kama mtu aliyegusa uvimbe na mgonjwa akaruka. "Uji wa nini?"

"Wa ulezi."

"Wa ulezi unaiva haraka?"

"Hauivi haraka."

"Ukaupooza?"

"Nikaupooza. Akaunywa. Alikuwa na miaka miwili, bibi, ningemwachaje na njaa? Na tulifika mapema. Tulikuwa wa kwanza pale mlangoni, hata mfagiaji alikuwa bado. Ni wao waliotukalisha kwenye benchi..."

"Nimekuuliza habari ya benchi?" Bi Siwema akamshika goti. Kiganja chake kilikuwa cha moto. "Benchi ni nyekundu, mwanangu. Uji ni kijani. Ukiingia mle, usiende kwenye benchi. Kaa jikoni. Koroga. Tazama mvuke. Halafu sema maneno yako."

Skola akataka kuinuka aondoke. Bibi hakumzuia, alichukua kipande cha muhogo wake akaendelea kula.

"Wapo walioinuka," akasema na mdomo umejaa. "Wengi tu. Wana hukumu zao nzuri sana, wanazo mpaka leo. Watoto wao wanaita watu wengine mama."

Skola akakaa.

Alifanya mazoezi akifua, akipanga foleni ya maji, akipiga pasi sare za watu wengine. Mwanzoni kila alipofika jikoni kwake kwa mawazo, benchi lilikuja lenyewe, na mlio wa kile kifua, na muuguzi aliyesema subirini kidogo huku akila embe. Baadaye benchi likaanza kuchelewa. Baadaye lilikuja bila mlio. Siku moja, akiwa anasuuza shuka, alisema sentensi zote tatu bila kusikia chochote ndani yake isipokuwa mwiko ukikwaruza sufuria, na mikono yake ikasimama ndani ya maji.

Akajiambia ni kwa ajili ya kibanda tu. Mtu akivaa sare ya kazi si anaivua jioni?

*

"Karibu tena, Skolastika."

Akafumba macho. Uji ulikuwa ukitoa viputo. Oliva mdogo alikuwa akipiga kijiko sakafuni, na kwenye kitanda cha ndani kulikuwa na mtoto anayeweza kungoja kidogo, kidogo tu.

"Nililalamika bila sababu," akasema. "Ilitokea tu. Hakuna wa kulaumiwa."

Hata kabla ya kufumbua alijua. Kope zake ziliona mwanga laini, wa majani machanga.

"Asante, Skolastika," sauti ikasema. "Hujawahi kulalamika."

Alingoja aone aibu, au hasira, au hata kichefuchefu. Kilichokuja ni wepesi, kama wa mtu aliyetua ndoo kichwani, na shingo yake ikamshukuru. Nje yule mzee wa kinyonga alimpigia makofi. Bi Siwema alikuwa barazani na mwari mwingine, kijana mwenye ndevu akilia kama mtoto, kwa hiyo alimpungia tu mkono wenye muhogo.

Jioni ile ile, kwa kutaka kujua, alisimama kwenye mashine ya ofisi ya kata na kuuliza habari za Hospitali ya Mbeleko. Nyuma yake alisimama msichana mwenye tumbo kubwa, akisubiri zamu.

"Hakuna shauri," Mzamiaji akajibu.

"Afadhali," msichana akasema, akimtabasamia Skola. "Na mimi ndiko wanakonipeleka. Ni pazuri, eti, dada?"

Skola akatazama tumbo lile. Maneno yalikuwepo, aliyaona, yalikuwa mbali kama watu wa ng'ambo ya mto.

"Nenda mapema tu," akasema.

*

Chumba kilikuwa ghorofa ya pili ya mnara wa mboga, na usiku na mchana kilinukia majani ya nyanya. Oliva alifika na begi la mgongoni na kisanduku ambacho Perpetua alikifunga kwa kamba. Perpetua mwenyewe hakuja. Alimkabidhi mtoto kwa kondakta wa treni, akatuma ujumbe mmoja wa kuuliza kama amefika salama, basi.

Siku za kwanza mtoto aliomba ruhusa kwa kila kitu, hata kunywa maji. Jumapili alikuwa ameshaanza kuchezea vidole vya miguu vya mama yake wakiwa wamekaa sakafuni. Jumapili hiyo hiyo walifungua kisanduku. Chini ya sweta palikuwa na picha ya Gaudensi, ile iliyopigwa akiwa na siku kumi, amekunja ngumi.

"Huyu nani, mama?"

Mama, akasema. Bila "wa mjini". Skola akaliacha neno hilo limwingie lote kabla ya kujibu.

"Huyo ni mdogo wako. Gaudensi."

"Aliyekufa?"

"Ndiyo, mama yangu."

"Shangazi alisema hospitali ndiyo ilimuua. Alisema walifunga hewa, wakamwacha. Ni kweli?"

Kwa siku hii alikuwa amejiandaa. Kitubio walichukua walichokitaka, lakini humu chumbani hapakuwa na wavu wala taa, mlango alikuwa ameufunga mwenyewe. Alikuwa ameamua kwamba atamwambia mtoto yote, kuanzia mlango wa hospitali hadi mchana ule, amwambie polepole, ili pawe na mtu mmoja duniani anayejua. Akavuta pumzi. Akafungua mdomo.

"Ilitokea tu, mama," akasema. "Hakuna wa kulaumiwa."

Sauti ilitoka safi, tulivu, nzuri. Akangoja tumbo limkatalie. Akatafuta benchi, akatafuta muuguzi na embe lake, akakuta sufuria na mvuke.

"Lakini shangazi alisema..."

"Shangazi yako ni mlalamikaji," Skola akasema.

Oliva akafikiri. Akaichukua picha, akaifuta vumbi kwa pindo la gauni, akaisogeza karibu na uso wake kama anayetaka kumnong'oneza mtoto yule kitu cha kumbembeleza.

"Ilitokea tu," akamwambia. "Hakuna wa kulaumiwa."

Hakukosea hata neno. Yeye angepita Kitubio mara ya kwanza.